Safu Tatu Zikifunguka

Nilipewa kapu, nikaoneshwa mstari wangu, nikaachwa. Umande ulikuwa umeshakauka kwenye mteremko wa milima ya Uporoto, kule Mbeya, ingawa saa nne ya asubuhi watu bado walikuwa na sweta mwilini. Pareto ilikuwa imechanua shamba zima, nyeupe pee, nami nikajiambia kwamba kuchuma maua ni kazi ambayo hata mtoto hahitaji kufundishwa. Baada ya nusu saa nikampelekea mama mwenye shamba kapu langu limefika nusu. Akalitazama, akatabasamu kwa adabu, akalimwaga juu ya turubai, akaanza kutenga. Rundo la kulia likawa dogo. La kushoto likazidi kukua.

"Haya bado watoto, mwanangu," akasema akiligusa rundo la kushoto. "Haya yameshazeeka. Na hili umelichuma na fimbo yake."

Nikamuuliza anayatambuaje kwa haraka hivyo. Akaokota ua moja, akalisogeza karibu na macho yangu, akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye manjano ya katikati. "Hesabu safu hapa. Tatu zikifunguka, au nne, chuma. Nyeupe usiitazame. Nyeupe ni mapambo tu."

Maneno hayo nilishuka nayo mlimani. Baadaye nilipoanza kusoma walivyoandika wataalamu wa mimea kuhusu pareto, nikakuta wametumia kurasa nyingi na vioo vya kukuzia kufika palepale alipofika yeye kwa ukucha.

Tuanze na hayo mapambo. Pareto ni ndugu wa alizeti. Ni ndugu pia wa mchunga, ile mboga chungu tunayoipika kwa nazi, na wa kishonanguo, ambaye mbegu zake humganda mtu kwenye suruali akikatisha kichakani. Ukoo huu mzima una hila moja. Kile tunachokiita ua ni umati wa maua madogo yaliyobanana juu ya kitako kimoja, yakajipanga hivi kwamba mtu, na nyuki pia, huona ua moja. Kila ulimi mweupe wa pareto, ambao sote tungeuita petali, ni kijiua kizima cha kike, chenye ovari yake na stigma yake. Petali zake zimeungana zikawa ulimi mmoja, na ukiutazama ncha utaona meno 3 madogo sana, alama ya maungio ya zamani, kama mshono ambao fundi hakuufuta wote. Ndimi hizi huwa kati ya 18 na 22. Katikati ndiko kwenye halaiki: vijiua vya manjano 40, 60, hata 100, kila kimoja kikiwa kijirija chenye ncha 5 na kikiwa dume na jike kwa pamoja.

Halaiki hiyo haikukaa ovyo. Imejipanga kwa mizunguko, mingine ikipinda kulia na mingine kushoto, na katika ukoo huu mizunguko ikihesabiwa huangukia mara nyingi kwenye 8, 13, 21 au 34, namba ambazo kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Aliyewahi kumtazama msusi wa ungo atadhani anaielewa kazi hii, kumbe pareto hufanya kinyume chake. Msusi huanzia katikati na kutoka nje. Pareto hutunga vijiua vyake kuanzia ukingoni, ikaingia ndani taratibu mpaka nafasi inakwisha, na hufunguka kwa utaratibu huohuo: safu ya nje kwanza, kesho au keshokutwa inayofuata, halafu nyingine. Ndiyo maana ukucha wa mama yule ulitua pale. Alikuwa anasoma saa.

Ndani ya kila kijiua cha manjano kuna kazi ya ufundi ambayo kwa macho matupu huioni, na ningemshauri mtu yeyote mwenye kioo cha kukuzia aitafute, hata kwenye alizeti ya nyumbani ambako kila kitu ni kikubwa zaidi. Stameni 5 zimeungana vichwa vyake zikawa mrija. Chavua humwagika ndani ya mrija huo. Kisha ufito wa kike huota kutoka chini, ukipanda ndani ya mrija, na ncha yake ina vinywele kama brashi ya kusafishia chupa. Unapopanda huisukuma chavua mbele yake mpaka inatokeza juu kama unga wa manjano, tayari kwa mguu wa mdudu wa kwanza atakayepita. Chavua ikishachukuliwa, ufito hupasuka ncha ukawa mikono miwili, na sasa upande wa ndani wa mikono hiyo hupokea chavua ya mgeni. Asubuhi dume, baadaye jike, mlango uleule. Nimeona pampu za baiskeli zilizogharimu fedha nyingi ambazo hazifanyi kazi kwa unadhifu huo.

Huo uangalifu wote una sababu. Pareto haikubali chavua yake yenyewe. Ikitua kwenye stigma ya mche huohuo hukataliwa, mbegu haitungi. Kwa hiyo inamhitaji nyuki, nzi na mbawakawa wamletee chavua ya jirani. Nasi tunaipanda pareto kwa sababu huua wadudu.

Swali hili lilinisumbua kuliko yote: mmea unawezaje kumkaribisha mdudu sebuleni na huku umemwekea sumu jikoni? Jibu liko chini ya vijiua, mahali ambapo mgeni hafiki. Kila kijiua kimekaa juu ya ovari yake, kijipunje chenye matuta membamba kama ya shina la mabua, na katikati ya matuta hayo kuna vifuko vidogo vya mafuta, nukta tu hata chini ya kioo. Humo ndimo dawa inamokaa. Takriban sehemu 9 kati ya 10 za dawa yote ya kichwa kizima cha ua ziko kwenye vijipunje hivi. Ndimi nyeupe hazina cha kutajwa, na shina lina kidogo mno. Nyuki hutembea juu ya paa la ghala hilo, akala, akaondoka salama. Anayeumia ni yule anayekuja kutafuna.

Kwa hiyo mama alisema kweli neno kwa neno. Nyeupe ni mapambo. Na fimbo niliyoichuma pamoja na ua ilikuwa uzito wa bure, kwani mnunuzi anayepima dawa iliyomo atakuta imepungua, na maua mazuri yote yaliyomo kwenye gunia yatalipia uvivu wa vidole vyangu. Chipukizi nililochuma mapema lilikuwa na vijipunje ambavyo havijajaa. Lile lililozeeka lilikuwa limeshapita kilele, limeanza kupukutika, na kadiri linavyokauka shambani ndivyo faida inavyoachwa pale. Katikati ya ujana na uzee kuna siku chache tu, na kalenda yake imeandikwa kwenye zile safu.

Dawa yenyewe ni mchanganyiko wa kemikali 6 zinazofanana kama ndugu, na kwa pamoja huitwa pairethrini. Hushika mishipa ya fahamu ya mdudu na kuiacha milango yake ya sodiamu wazi, mdudu akaanza kutetemeka na kuanguka kabla hajaelewa kilichompata. Kisha jua huzivunja upesi, ndiyo maana haziendelei kukaa kwenye mboga kwa wiki na wiki. Waliofumbua muundo wake walikuwa Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, waliochapisha kazi yao mwaka 1924. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine, Ruzicka mwaka 1939 na Staudinger mwaka 1953. Ruzicka alizaliwa Vukovar, katika nchi ambayo leo ni Kroatia, na kwangu hilo si jambo dogo, kwa sababu pareto nayo ni mzaliwa wa huko.

Kwao ni pwani ya mashariki ya bahari ya Adriatiki: Dalmatia na visiwa vyake, Herzegovina, Montenegro, mpaka Albania. Huko bado inaota yenyewe porini, kwenye vilima vya mawe ya chokaa ambako udongo ni kiganja kimoja kati ya jiwe na jiwe, maji hupotelea chini ya ardhi, kiangazi huunguza, na wakati wa baridi upepo mkali hushuka kutoka milimani. Itazame mwilini utasoma maisha hayo. Majani yamechanwachanwa kama ya karoti ili jua lipate kidogo pa kupiga, na yamefunikwa vinywele laini vinavyoyapa rangi ya majivu. Hata jina lake la kitaalamu, Tanacetum cinerariifolium, limebeba neno la Kilatini la majivu ndani yake. Kimo chake ni sentimita 30 hadi 60, shina jembamba lenye ua moja kileleni, na kichwa cha ua kina upana wa sentimita 3 au 4. Mtu asiyeijua angeipita akidhani ni gugu zuri tu.

Mtaalamu aliyeiandika vizuri akiwa mwana wa huko alikuwa Roberto de Visiani, mzaliwa wa Šibenik, aliyekuja kuwa profesa wa mimea Padua na kuandika vitabu vya mimea ya Dalmatia katikati ya karne ya 19. Lakini wenyeji walishaipa jina linaloeleza kila kitu. Huiita buhač, kutokana na buha, yaani kiroboto. Ningeomba wataalamu wote watoe majina kwa uaminifu huo.

Unga wa maua yake ulisafirishwa kupitia bandari ya Trieste ukauzwa Ulaya yote, watu wakaunyunyiza vitandani. Miaka ya 1880 mbegu zikafika Japani mikononi mwa Ueyama Eiichiro, naye akachanganya unga huo na vitu vinavyoungua polepole akatengeneza vijiti vya kufukuzia mbu. Vijiti vilikwisha upesi mno. Wazo la kuvizungusha viwe duara linalojikunja, ili moto utembee usiku kucha, linatajwa kuwa la mkewe, Yuki. Leo duara hilo liko kwenye kila duka la mtaani kuanzia Kigoma hadi Lamu, ingawa mara nyingi kilichomo ndani ni kemikali ya kiwandani iliyoiga pareto, wala si pareto yenyewe. Mbegu zilifika Kenya mwaka 1928 na Tanganyika katika miaka ya 1930, na vita vya pili vya dunia vilipokata njia ya pareto ya Japani, majeshi yaliyokuwa yakipigana kwenye nchi za malaria na chawa yaligeukia nyanda za juu za Afrika Mashariki. Molo, Kinangop, Mufindi, Njombe, na ng'ambo ya pili Musanze huko Rwanda, kote kukawa makao ya ua la Adriatiki.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinifanya niandike makala haya. Pareto haitungi maua mpaka ionje baridi, takriban wiki mbili za nyuzi zisizozidi 16 hivi. Kwao Dalmatia baridi huja mara moja kwa mwaka, na maua huja mara moja, mwanzoni mwa kiangazi, shamba zima kwa pamoja. Huku kwetu, karibu na ikweta, majira hayatofautiani hivyo, ila ukipanda juu kiasi cha mita 2,000 kwenda mbele, kila usiku ni baridi kidogo. Mche hupata ishara yake leo, na wiki ijayo, na mwezi ujao. Basi huchanua kwa miezi mingi mfululizo, na kwenye mche mmoja utakuta chipukizi lililofumba, ua lililofunguka safu moja, lililofunguka tatu, lililofunguka zote, na mzee aliyekwisha kunyauka, vyote vikiguswa na mkono mmoja.

Kule Tasmania, ambako sasa pareto hulimwa kwa wingi, baridi pia huja kwa msimu, maua hukomaa pamoja na mashine hupita mara moja kuvuna. Mashine haiwezi kupita kwenye mteremko wa Uporoto na kuchagua. Jiografia yetu ndiyo iliyomlea mchumaji: hakuna siku ambayo shamba lote limeiva, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuliuliza kila ua umri wake, akarudi baada ya wiki mbili au tatu kuliuliza tena.

Na jinsi wanavyouliza! Nilikaa pembeni nikamtazama mama yule na binti zake wawili kwa saa nzima, nikiwa nimeshajua nitazame nini. Mikono yote miwili hufanya kazi, kila mmoja kivyake. Kichwa cha ua huingia kati ya vidole viwili, shina likiwa chini, kidole gumba hugusa manjano kwa kitambo kifupi, kisha ama mkono hunyanyuka na ua limekatika shingoni kabisa, bila fimbo, ama hulipita. Kule kulipita ndiko kulikonishangaza zaidi. Mimi kila nililoligusa nililichuma. Wao waligusa mengi wakaacha mengi, bila kupoteza mwendo, huku wakizungumza habari za harusi ya jirani. Nikagundua hawahesabu safu kwa macho. Chipukizi lina katikati ngumu na bapa, na kadiri safu zinavyofunguka manjano huinuka na kulegea chini ya kidole. Ule uvimbe mdogo ndio wanaousikiliza. Binti mkubwa alinionesha mikono yake, ngozi imekauka na kuwasha katikati ya vidole, jambo ambalo maua haya huwafanyia baadhi ya watu wanaoyashika kila siku. Akajipaka mafuta, akaendelea.

Kazi haiishii shambani. Maua hayachumwi yakiwa na umande wala mvua, na yakishachumwa hayarundikwi, kwani rundo hupata joto lenyewe na kuanza kuoza kutoka ndani. Hutandazwa siku hiyohiyo, membamba, juani au kwenye vichanja vya kukaushia, yakageuzwa na kugeuzwa. Kilo 4 au 5 za maua mabichi hurudi kilo 1. Kipimo cha ukavu hakihitaji chombo: chukua kichwa kimoja, kisugue kati ya kidole gumba na kiganja, kikivunjika vijipunje vikatawanyika, kimekauka. Kikikubali kupindika, kirudishe.

Nilipokuwa nikisugua hivyo, vijipunje vilibaki mkononi kama makapi ya ulezi, na baadaye nikaja kusoma jambo jingine kuvihusu. Vile vifuko vya mafuta havimwagi dawa nje tu. Watafiti wameonesha kwamba mbegu inapokomaa humwagiliwa dawa hiyo ndani pia, hivyo mche mchanga unapochipua tayari umebeba kinga ya mama yake kabla haujaweza kutengeneza ya kwake. Ni kama mtoto aliyevalishwa hirizi kabla ya siku 40. Na chipukizi nililokuwa nikilichuma kwa ujinga, lile "bado mtoto", nalo lina ujanja wake: hutoa harufu ileile ambayo vidukari huitoa kuonyana wakati adui amewashambulia. Kidukari anayekuja kunyonya hunusa kelele za wenzake akageuka, wakati harufu hiyohiyo huwaita wadudu kobe, ambao chakula chao ni vidukari. Mmea uliokaa kwenye mawe kwa muda mrefu hivyo ulipata nafasi ya kufikiri, ikiwa mtaniruhusu neno hilo.

Kuna miaka wakulima wengi waling'oa pareto wakapanda viazi, malipo yalipochelewa msimu baada ya msimu. Mama naye aling'oa nusu ya shamba wakati huo, akaacha nusu. Nilimuuliza kwa nini hakung'oa lote. Akasema mikono ilikuwa imeshazoea.

Alasiri nikaomba kapu tena. Nikaanza mwisho wa mstari, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akinitazama, na nikajilazimisha kugusa na kuacha. Safari hii ilinichukua saa moja na nusu kufikia nusu ya kapu, wakati binti mdogo alikuwa amejaza la pili. Nikampelekea mama. Akalimwaga juu ya turubai, akainama, akatenga kimya. Rundo la kushoto lilikuwa na maua 11. Moja kati yake lilikuwa na fimbo.